Goti la Nambari Sabini na Saba

Pascalia Navalayo alipoitwa hospitalini alidhani ni mambo ya presha yake. Alivaa gauni safi, akabeba kitabu chake cha kliniki, akaketi kwenye benchi pamoja na watu waliofungwa plasta. Nesi aliyempigia simu alikuwa jirani yake mtaani Shieywe, mjini Kakamega, na hakumweleza zaidi ya kwamba daktari wa mifupa anataka kumwona. Pascalia aliipitia mifupa yake kimoyomoyo, mmoja baada ya mwingine, asione wenye kasoro.

Daktari Kibiwott alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya chini, aliyezoea kuzungumza na wagonjwa huku akiwatazama miguu. Alimtazama Pascalia miguu, kisha uso.

"Nimeambiwa unajua kutafuta watu," alisema.

"Watu wa aina gani?"

Daktari akamweleza. Kwa miaka sita alikuwa akiandika habari za kila mgonjwa aliyeletwa kwake akiwa na mfupa ulioingia usaha au ulioota uvimbe. Magonjwa hayo mawili hufanana mwanzoni. Goti linavimba, linauma, linapata joto, na mhudumu asiye na mashine ya picha karibu hukisia tu. Daktari alitaka kujua ni wangapi walioambiwa wana usaha, wakachomwa sindano miezi na miezi, kumbe mfupani mlikuwa na uvimbe. Tena alitaka kujua walikuwaje baada ya kupasuliwa. Jumla ya wagonjwa wake wote ilikuwa mia moja na kumi na wanane. Alikuwa ameandika ripoti, akaipeleka kwa jarida la madaktari, na wakaguzi wa jarida wakamrudishia swali la mstari mmoja: hawa ishirini na sita ambao hawakurudi kliniki, wako wapi?

"Nikawajibu kwamba sijui," alisema Daktari Kibiwott. "Wakasema nikishajua niwaandikie."

Pascalia alikuwa na miaka hamsini na sita. Ishirini na miwili kati ya hiyo aliimalizia kwenye pikipiki, akisimamia mashamba ya wakulima wa miwa upande wa Matungu, mwanamke wa pekee kati ya wasimamizi kumi na mmoja. Watu walimwita Madam Fildi, bibi wa mashambani. Alilijua shamba kwa nambari yake na mwenye shamba kwa kikohozi chake. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuwasaka wakulima waliopewa mbegu na mbolea na kampuni, halafu miwa ikaishia kwenye kiwanda kingine. Kazi ilipokwisha alikaa nyumbani miaka tisa, akapanda sukuma, akaimba kwaya, na mumewe Isaiah, fundi wa pikipiki, akaendelea kuibadilisha oili ya pikipiki yake kila baada ya miezi mitatu ingawa haikuwa ikienda mbali.

"Wale wangu hawakutaka kupatikana kabisa," alimwambia daktari. "Hawa ni wagonjwa tu. Nipe orodha."

Alipewa orodha na fomu yenye maswali kumi na moja. Alionywa pia asitaje ugonjwa wa mtu mbele ya majirani. Aseme tu kwamba ametoka kwa daktari kumjulia mtu hali. Pascalia alilitii sharti hilo, na halikumsaidia kitu, kwa sababu kila alikofika watu walikuwa na maelezo yao tayari.

"Madam Fildi! Mmerudi kukata miwa?"

"Hapana. Niliacha kazi hiyo miaka tisa iliyopita."

"Sasa hii yangu imekauka shambani nimwambie nani?"

Alisikiliza habari za miwa, kisha akauliza habari za mifupa.

Huko Khwisero alimpata Mzee Masinde, ambaye mguu wake ulianza kutoa usaha akiwa darasa la sita na haukuacha mpaka alipofika miaka hamsini. Daktari Kibiwott alikuwa amemtoa kipande cha mfupa uliokufa, kirefu kama kidole cha kati. Pascalia alisoma swali la nne: je, kidonda kingali kinatoa maji au usaha?

"Kilikauka Disemba ya mwaka juzi."

"Kuna badiliko lolote katika maisha yako tangu upasuliwe?"

Mzee alitazama jikoni. "Bibi yangu alirudi kulala kitanda kimoja na mimi."

"Andika pia kwamba anakoroma," mkewe alisema kutoka jikoni.

Fomu haikuwa na nafasi ya mambo hayo. Pascalia aliyaandika pembeni, yote mawili.

Nyumba tano hazikuwa na mgonjwa tena. Hapo fomu ilisema aruke hadi swali la mwisho, tarehe ya kifo. Pascalia hakuruka. Aliketi, akanywa chai, akamwuliza mwenye nyumba marehemu alikuwa mtu wa namna gani, na tarehe akaiuliza akiwa ameshasimama kuondoka. Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka kumi na sita. Mama yake alisema walimchoma sindano za usaha miezi saba kabla ya mtu yeyote kumpiga picha.

"Na huo utafiti utamsaidia nani sasa?" mama aliuliza.

"Yeye hautamsaidia," Pascalia alisema. "Labda atakayevimba goti mwaka ujao."

Mama alilikubali jibu hilo, au alichoka tu kuuliza. Alimwongeza chai. Siku hiyo Pascalia hakwenda nyumba nyingine.

Nambari sabini na saba aliandikwa kama Chrispinus Wanzala wa Matungu, miaka thelathini na minne. Faili lilisema aliletwa akiwa na goti la kushoto lililovimba, baada ya kutibiwa usaha kwa muda mrefu. Kumbe ulikuwa uvimbe uliokuwa ukiula mfupa kwa ndani. Daktari aliukwangua, akalijaza shimo kwa simenti ya mifupa, na mgonjwa akaruhusiwa kwenda nyumbani baada ya wiki tatu. Hakuonekana tena. Miezi ishirini ilikuwa imepita. Pembeni mwa karatasi daktari alikuwa ameandika kwa mkono: husikia kwa shida.

Pascalia alimkuta Chrispinus akipakia miwa kwenye trela. Alikuwa na mzigo begani ambao Pascalia, kwa uzoefu wake, aliukadiria kuwa wa watu wawili. Wakasogea kando, chini ya kivuli cha trela.

"Nimetoka kwa daktari wa mifupa kukujulia hali," alisema.

Chrispinus aliutua mzigo polepole. Kwa mtu anayesikia kwa shida alikuwa amesikia vizuri sana. "Daktari yuko mzima?"

"Yuko mzima. Goti lako linauma?"

"Hapana."

"Ukilala je?"

"Nalalanga tu."

"Unatumia fimbo?"

"Ya kuchunga ng'ombe."

"Unaweza kuchuchumaa?"

Chrispinus akachuchumaa, akainuka. Akachuchumaa tena bila kuombwa, akainuka tena. Pascalia akaandika.

"Naomba kuona kovu."

Chrispinus aliangalia trekta kana kwamba dereva amemwita. Dereva alikuwa amelala. Akaikunja suruali upande wa kushoto. Goti lilikuwa jeusi, laini, halina hata mkwaruzo. Pascalia alivaa miwani. Aliomba kuona la kulia. Akaomba ageuke ili aone nyuma.

"Dawa ya siku hizi ni kali," Chrispinus alisema akiwa amempa mgongo.

Pascalia aliandika: hakuna kovu. Akamshukuru, akawasha pikipiki.

Siku iliyofuata Daktari Kibiwott aliisoma fomu hiyo akiwa amesimama. Akaketi, akaisoma tena. Alifungua picha kwenye kompyuta, akamwonyesha Pascalia kipande cheupe cha simenti kilichokaa ndani ya mfupa chini kidogo ya goti. Halafu akaonyesha kwenye mguu wake mwenyewe, kwa ukucha, mahali kisu kilipopita. Palikuwa na urefu wa shibiri nzima.

"Huwezi kuwa ulikosea goti?"

"Daktari, yako mawili. Niliyaangalia yote."

"Nilimwita Chrispinus kila asubuhi kwa wiki tatu," daktari alisema. "Alikuwa akichelewa kuitika. Nikadhani ni masikio." Alichukua kalamu, akakata yale maneno ya pembeni mwa karatasi, taratibu.

Wote wawili walishaelewa. Mtu alikuwa amelazwa kwa kadi ya bima ya mwingine, na jina la mwenye kadi likaandikwa kila mahali, kitandani, kwenye picha, kwenye chupa ya maabara. Pascalia alisubiri daktari akasirike. Daktari alikuwa akiitazama ile picha.

"Uvimbe wa aina hii ukirudi, hurudi sana katika miaka miwili ya kwanza," alisema. "Ukirudi na tukauona mapema, goti linabaki. Tukichelewa, sijui. Huyo mtu ana miezi ishirini na hakuna aliyemwangalia. Mtafute."

"Nikimpata nimwambie nini kuhusu kadi?"

"Ukweli. Faili nitalisahihisha, na nikilisahihisha hospitali itauliza. Siwezi kuahidi kwamba haitauliza."

Pascalia alirudi Matungu. Safari hii Chrispinus alikuwa nyumbani, na alipoona pikipiki ikiingia alianza kuchechemea. Alichechemea hatua nne, kisha mkewe Winrose, aliyekuwa akianika mahindi, akasema bila kuinua kichwa, "Wachana na hiyo. Alishaona magoti."

Wakamkaribisha ndani. Winrose alipika ingokho na obusuma, yaani kuku na ugali, kwa hivyo mazungumzo yalichukua muda, na ukweli ukatoka kidogo kidogo. Aliyepasuliwa alikuwa Onesmus Were, mtoto wa baba mdogo wa Chrispinus. Hakuwa na kadi. Alikuwa amechomwa sindano mpaka akawa hana mahali pa kuchomwa, na mguu ukazidi kuvimba. Chrispinus ndiye aliyempeleka Kakamega, na kwenye dirisha la usajili, karani alipoomba kadi, akatoa iliyokuwa mfukoni.

"Alitumia jina tu," Chrispinus alisema. "Mimi siku hiyo nilikuwa silitumii."

Ila hakuwa amepiga hesabu ya yatakayofuata. Habari zilienea kwamba Chrispinus amelazwa. Ikabidi ajifiche ndani wiki tatu, anatoka kuoga jua likiwa halijachomoza. Shangazi zake wawili walikwenda wodini na chakula, wakaonyeshwa kitanda cha Chrispinus Wanzala, wakamkuta Onesmus, wakadhani ndugu wote wawili wanaumwa, wakaja nyumbani wakilia. Kanisa likamwombea kwa jina. Aliporudi kwenye ibada hangeweza kuingia akitembea vizuri siku chache baada ya kupasuliwa mfupa, kwa hivyo alichechemea miezi miwili.

"Pasta alimwuliza mbona mwezi wa kwanza ulikuwa mguu wa kushoto na wa pili ni wa kulia," Winrose alisema.

"Nikamwambia ulihama," Chrispinus alisema. Hakucheka, na Pascalia naye hakucheka. Mtu aliyeketi mbele yake alikuwa na hofu.

"Atafungwa?" Winrose aliuliza.

"Sijui," Pascalia alijibu. "Onesmus yuko wapi?"

Chrispinus akamwambia. Onesmus alikuwa amehamia Lugari, kwenye shamba la mahindi la familia moja ya huko, baada tu ya kutoka wodini. Aliogopa kurudi kliniki kwa sababu nesi mmoja alitoka Matungu, na angeweza kumtambua.

Pascalia aliondoka Shieywe asubuhi, akapita Malava, akafika Lugari mahindi yakiwa yanavunwa. Huko mashamba ni mapana, na nyumba ziko mbali kiasi kwamba alilazimika kuuliza mara sita. Onesmus alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya rundo la mahindi, akipukuchua, ilhali wanaume wenzake wa rika lake walikuwa wakibeba magunia. Alikuwa mwembamba, mwenye adabu, na alimpa Pascalia ndoo yake. Ili kumpa ilimbidi ainuke, naye aliinuka kwa kushika ukuta wa ghala.

"Unamtafuta nani, Mama?"

"Mwenye goti lililowekwa simenti."

"Mimi si Chrispinus."

"Najua. Chrispinus nimeshamwona magoti."

Onesmus alitazama barabarani alikotoka Pascalia, aone kama kuna gari nyuma yake. Palikuwa na pikipiki tu.

"Nimekuja na maswali kumi na moja," Pascalia alisema. "Hakuna hata moja la kadi. Lakini sitakudanganya. Ukirudi, daktari atalisahihisha faili, na hospitali itauliza ilikuwaje. Watakachoamua sikijui."

"Basi sirudi."

"Sawa. Nijibu maswali tu."

Hilo alilikubali. Alijibu kwa haraka, kama mwanafunzi anayetaka mtihani uishe. Haliumi. Halivimbi. Anatembea vizuri. Analala vizuri. Pascalia aliandika kila jibu kama lilivyotolewa. Akafika swali la tisa, akaomba achuchumae.

Onesmus alishuka nusu, akasimama hapo. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Akashuka kidogo tena, goti likakataa, akakaa chini kwenye maganda ya mahindi. Pascalia aliweka kalamu sikioni, akamshika kwapa, akamwinua. Alikuwa mwepesi kuliko alivyotarajia.

"Andika naweza," Onesmus alisema.

"Naandika nilichoona." Aliandika, kisha akamsomea. "Hawezi kuchuchumaa. Ameshindwa kuinuka bila kusaidiwa."

Onesmus alilikanda goti kwa kiganja bila kujua kwamba analikanda. "Ilianza mwezi wa sita," alisema. "Hata nikilala inauma. Kama ile ya kwanza." Akauliza, "Huyo daktari miezi hii yote alikuwa ananitafuta mimi ama Chrispinus?"

"Alikuwa anatafuta goti," Pascalia alisema. "Goti ni lako."

Alirekebisha majibu ya mwanzo, akampa nambari yake ya simu, akaondoka. Hakumsihi. Katika kazi yake ya zamani alikuwa amewasihi watu wengi, na anayesihiwa sana huishia kuhama. Lakini njiani aliendesha vibaya, akakosa kuona tuta mbele ya Malava, na usiku Isaiah akamwuliza kwa nini anapeleka mkono mdomoni bila tonge.

Wiki mbili zikapita bila simu. Siku ya kumi na tano nesi wa Shieywe alimpigia na kumwambia aje, kuna wanaume wawili kliniki wanaodai ni wake.

Onesmus na Chrispinus walikuwa wamekaa bega kwa bega, wote na makoti ya kanisani. Kila mmoja alikuwa na blanketi, sabuni na mswaki ndani ya mfuko. Chrispinus alieleza kwamba Onesmus angehitaji vitu hivyo wodini, na yeye angevihitaji korokoroni.

Daktari Kibiwott alimpiga Onesmus picha kabla ya kumruhusu mtu yeyote kuwauliza lolote. Uvimbe ulikuwa umerudi, ukingoni mwa simenti, ukubwa wa kokwa la parachichi. Kifua kilikuwa safi, haukuwa umefika mapafuni. Daktari alisema goti litabaki, mradi wasingoje. Kisha akawapeleka mwenyewe kwa mkuu wa rekodi, mama aliyeitwa Sellah, akamweleza mambo yote kwa sentensi tatu.

Sellah aliwageukia. "Aliyepasuliwa ni nani?"

Onesmus akainua mkono.

"Na wewe?"

"Mimi ni Chrispinus mwenyewe," Chrispinus alisema.

"Ulipasuliwa?"

"Hapana."

"Basi ondoka kwenye foleni ya wanaolazwa. Kaa pale, uandike ilivyokuwa, tangu mwanzo."

Aliandika kurasa nne, pamoja na habari za pasta. Kukawa na barua mbili na kikao kimoja, na kadi ya Chrispinus ikafungiwa mwaka mzima. Hakuna aliyepelekwa korokoroni. Onesmus alisajiliwa upya kwa jina lake, akapata kadi yake, na wiki iliyofuata akapasuliwa. Asubuhi ya kwanza baada ya upasuaji daktari alipita wodini, akasema "Onesmus," na mgonjwa akaitika kabla hajamaliza.

Kati ya wale ishirini na sita Pascalia aliwapata kumi na saba wakiwa hai, watano wamekufa, na wanne hakuwapata. Ripoti ilirudi kwa jarida, ikakubaliwa. Ndani yake Onesmus ni mmoja kati ya watu sita ambao uvimbe wao ulirudi, na yule msichana wa miaka kumi na sita ni mmoja kati ya kumi na watatu waliotibiwa usaha wakati mfupani mlikuwa na uvimbe. Pascalia alisomewa sehemu hiyo na daktari, neno kwa neno. Aliomba nakala. Alimpelekea mama wa msichana, akamwonyesha mstari wenyewe kwa kidole, wakakaa kunywa chai.

Wale wanne bado anawauliza kila anapopita, bila fomu. Onesmus alirudi Lugari baada ya miezi minne, na sasa anaweka hesabu ya magunia badala ya kuyabeba. Kila miezi mitatu huja Kakamega kupigwa picha. Siku moja kabla, Pascalia humpigia kumkumbusha. Onesmus akipokea simu, hutaja kwanza majina yake yote mawili, akafuatisha nambari ya kitambulisho, ndipo akamsalimia.